Tusimlaumu Mwanafunzi Anayekataa Kuwa Mraba ni Mstatili

Mwonyeshe mwanafunzi mdogo karatasi ya mraba, atakutajia jina lake bila kusita. Izungushe isimame kwa ncha ya pembe yake moja, kisha muulize tena. Wengi hubadili jibu: sasa ni almasi. Hakuna upande uliorefuka wala pembe iliyopanuka. Kilichobadilika ni mkao tu.

Mwaka 1957, Waholanzi wawili, mke na mume, Dina van Hiele-Geldof na Pierre van Hiele, waliandika tasnifu zao za udaktari katika Chuo Kikuu cha Utrecht kuhusu suala hili. Walieleza kwamba mwanafunzi huanza kwa kulitambua umbo kwa sura yake nzima. Baadaye huanza kuona sifa zake, yaani pande na pembe. Kisha huzihusisha sifa hizo, akaona kuwa kundi moja la maumbo linaweza kuwa ndani ya jingine. La muhimu kwangu ni kwamba, kwa maoni yao, kupanda ngazi hizi hutegemea zaidi mafundisho kuliko umri. Basi mtoto akikwama, tuanze kwa kuangalia tulivyomfundisha.

Na tunafundishaje? Pembetatu karibu zote tunazochora ubaoni zimekaa juu ya kitako kilicholala. Mstatili tunaueleza kuwa una pande mbili ndefu na mbili fupi. Maelezo hayo ndiyo yanayoniudhi zaidi, kwa sababu yanaufukuza mraba mlangoni kabla somo halijaanza. Miaka michache baadaye tunamwambia mwanafunzi yuleyule kuwa mstatili ni pembenne yoyote yenye pembe zote za nyuzi 90, na hivyo mraba ni mstatili, halafu tunashangaa anapobisha. Anabisha kwa kutumia kile tulichompa!

Kusema kweli, hata Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, aliutenga mraba na mstatili katika fasili zake. Kuyatenga maumbo si upungufu wa akili. Ni namna mojawapo ya kuainisha. Lakini kuyajumuisha kuna faida kubwa. Ukishathibitisha kuwa katika msambamba, yaani pembenne ambayo pande zake zinazotazamana ni sambamba, mistari miwili inayounganisha pembe zinazotazamana hukatana katikati, umemaliza kazi kwa mstatili, rombasi (pembenne yenye pande zote sawa) na mraba pia, maana yote ni misambamba. Ukiyatenga, itabidi uthibitishe upya kwa kila umbo. Sababu hii wanafunzi huelezwa mara chache mno, ilhali ndiyo ingewafanya waone uainishaji una kazi.

Ningependa tupunguze maswali ya kutaja jina la picha, tuongeze ya masharti. Kwa mfano: chora pembenne yenye pembe zote za nyuzi 90 na pande zote sawa, je, ni mstatili? Atakayejibu hapana, asisahihishwe haraka. Aombwe ataje sharti la mstatili ambalo umbo lake limelivunja, na darasa zima limsaidie kulitafuta.