Semina Moja Haitoshi

Kaa kidogo kwenye foleni ya zahanati asubuhi, utamsikia tu. "Dokta, kichwa kinaniuma, moyo unaenda mbio, usiku silali." Anapimwa malaria, haipo. Anapewa panadol na dawa za vidonda vya tumbo, anaambiwa arudi wiki ijayo. Atarudi, na malalamiko yaleyale. Hakuna aliyemuuliza kama ana sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha.

Tangu 2008 Shirika la Afya Duniani lina mpango uitwao mhGAP, wa kuwafundisha wauguzi na matabibu wa kawaida kutambua na kutibu magonjwa ya akili, maana katika nchi zetu madaktari bingwa wa akili ni wachache mno na wengi wako mijini. Nauunga mkono kwa moyo wote. Kinachoniuma ni jinsi tunavyoutekeleza: siku chache kwenye ukumbi wa hoteli, posho, cheti, picha ya pamoja, basi. Jumatatu muuguzi yuko kituoni peke yake, na mama aliyekaa mbele yake anasema hataki tena kuishi. Ampigie nani?

Tunapenda kusimulia habari za bibi wa Harare, Zimbabwe, wanaozungumza na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, kazi aliyoianzisha daktari wa akili Dixon Chibanda mwaka 2006. Na inastahili kusimuliwa. Utafiti uliochapishwa 2016, uliohusisha kliniki 24 na watu 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliokuwa na sonona ni asilimia 13.7 kwa waliopitia benchi, na karibu asilimia 50 kwa wenzao waliopata huduma ya kawaida ya kliniki. Lakini sisi huishia kwenye benchi. Bibi wale hawakuokotwa mtaani. Walikuwa tayari wahudumu wa afya wa jiji. Wana dodoso la maswali 14 kwa Kishona, wanajua namna ya kumsaidia mtu achague tatizo moja na kulitafutia njia. Na akijitokeza mwenye mawazo ya kujiua, yupo msimamizi wa kumkabidhi.

Msimamizi huyo ndiye ninayemtafuta kwenye bajeti zetu, simuoni.

Ningekuwa mimi ndiye ninayepanga fedha, ningefundisha nusu tu ya wauguzi. Najua wafadhili watanung'unika, kwa sababu ripoti zao zinataka idadi ya waliohudhuria. Afadhali wanung'unike. Fedha itakayobaki imlipe muuguzi mzoefu wa afya ya akili kutoka hospitali ya wilaya: mafuta ya pikipiki, vocha ya simu, na siku maalumu za kuzungukia zahanati kila mwezi. Akifika akae na mwenzake wapitie wagonjwa mmoja mmoja, yule aliyeacha dawa atafutwe nyumbani, kisha afungue kabati aone kama dawa za akili, amitriptilini ya sonona na haloperidoli ya magonjwa mazito ya akili, bado zipo.