Nilivyochimba Dawa Kolo

Ofisini jina langu limekufa. Wananiita Tambiko, hadi mlinzi wa getini.

Ilikuwa Agosti. Sisi watumishi tuliohamia Dodoma, ambao mazoezi yetu ni kuzungusha kiti, tukakodi Hiace kwenda Kolo, Kondoa, kuona ile michoro ya miambani iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kuifikia lazima upande kwa miguu porini. Mimi nilivaa raba nyeupe, nikanywa chupa mbili za maji kabla hata ya jabali la kwanza. Mnajua kilichofuata.

"Kaka, nachimba dawa mara moja," nikamwambia kiongozi wetu.

"Usiende mbali na njia."

Nikaenda mbali. Tulikuwa na akina dada wa masijala, jamani! Nikapata kichaka kizuri, kimening'iniza maganda ya kahawia yenye manyoya laini kama mahameli. Nikayasukuma pembeni kwa mkono. Kwa mkono uleule nikafungua zipu.

Mtoto yeyote wa kijijini angekimbia. Mimi nimekulia Ilala. Upupu nilikuwa nausikia tu kwenye hadithi za watukutu wa shule za bweni.

Nilitoka kichakani narukaruka, suruali nimeishika kwa mkono mmoja, napiga mayowe. Panapowasha sipataji. Dada mmoja akaja mbio na maji, maskini, kwa roho safi.

"Usimmwagie! Utausambaza!" kiongozi akafoka. "Na wewe usijikune!"

Usijikune! Mwambie samaki asiogelee.

Akapata majivu kwenye moto wa zamani, nadhani wa warina asali, akanipaka uso, shingo, kifua, mikono. Kwingine nilijipaka mwenyewe nyuma ya jabali. Nilipotokeza, mweupe pe, tumbo wazi, nikihema na kunung'unika maneno yasiyoeleweka, nikakuta Wazungu wawili wazee wamesimama chini ya michoro.

Sasa, wenyeji wa Kolo kweli bado hufanya matambiko kwenye miamba ile, na bila shaka hawa walikuwa wameshaambiwa. Babu akavua kofia. Bibi akainamisha kichwa. Wenzangu, badala ya kueleza, wakaanza kupiga makofi kwa mpigo, na mimi kwa muwasho nikaruka tena.

Babu akasogea taratibu, akaninyooshea noti ya elfu kumi.

Nikaipokea kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na kazi.