DDD ya PCB na chuo umekosa: urisiti au usonge mbele?

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka mwezi wa saba kunakuwa na shangwe wiki moja hivi, halafu zinaanza raundi za udahili, na hapo ndo kilio chenyewe kinapoanzia. Mwaka huu kilio kimeingia nyumbani kwetu. Mtoto wa mama mdogo kamaliza PCB, kapata D ya fizikia, D ya kemia, D ya bailojia, divisheni 2 ya pointi 12, watu tukampongeza, shangazi akachinja kuku. Akaapulai udaktari vyuo vitatu, raundi ya kwanza kimya, raundi ya pili kimya, sasa kakaa sebuleni anauliza kaka nirisiti (yaani nirudie mtihani) au nifanyeje.

Nimejibu hilo swali mara nyingi kwa watu wengine na kila mara najikuta najibu tofauti, so ngoja niliandike lote hapa niache kujirudia.

Kwanza tuweke sawa hizi pointi maana zinachanganya watu wazima kabisa. NECTA, yaani baraza la mitihani, wanahesabu pointi kwenda chini, A ni 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6, F 7, kwa hiyo DDD ni 12, na pointi 10 mpaka 12 ni divisheni 2. Jirani akisikia "two" anaona dogo ni kichwa. TCU, yaani tume ya vyuo vikuu, wao wanahesabu kwenda juu, A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, S nusu. Kwa hesabu hiyo DDD ni pointi 6. Sasa kile kitabu cha mwongozo cha TCU kwa udaktari wa binadamu, yaani MD, kinataka prinsipo tatu (prinsipo ni kuanzia A mpaka E, S haimo) za fizikia, kemia na bailojia, jumla isipungue pointi 6. Umeona alipo dogo? Kasimama kwenye kizingiti chenyewe, mguu mmoja ndani mmoja nje. Vigezo anavyo, nafasi hana, na hivyo ni vitu viwili tofauti, ila wazazi wengi wanavisikia kama kimoja.

Na hapa ndo naona watu wanapokosea, wanakimbilia kuuliza "kurisiti ni vizuri au vibaya" kabla hawajajua ni mlango gani umewafungia. Kuna aliyekosa chuo kwa sababu hajafikia vigezo, mfano ana S kwenye somo ambalo kozi inalitaka kama prinsipo, huyo hata aapulai raundi 10 jibu ni lilelile, somo moja limemkalia njiani. Kuna aliyefikia vigezo ila ushindani umemtupa nje, kama dogo wetu. Na kuna wa tatu ambaye mtihani wala hauna kosa, kosa ni jinsi alivyoapulai. Kachagua kozi moja vyuo vyote, kachelewa, hakufungua akaunti kuangalia raundi ya pili inasemaje, au kaselektiwa sehemu mbili akasahau kukonfemu moja mpaka muda ukapita. Huyo wa tatu akirisiti anatibu mguu wakati kinachouma ni jino.

Dogo nilipomkalia kooni akakiri, vyuo vitatu vyote kajaza MD tu, hakuna uuguzi, hakuna famasi, hakuna maabara, hakuna hata ualimu wa sayansi. Nikamuuliza kwa nini, akasema mwalimu wao aliwaambia usijaze kitu usichokitaka. Sawa, ila mwalimu ana kazi tayari.

Haya turudi kwenye kurisiti kwenyewe. Mimi sio mtu wa kuipinga, kwanza nimerisiti mwenyewe nitawaeleza huko chini. Hela ya baraza sio tatizo, usajili wa mtahiniwa wa kujitegemea, wenyewe tunaita PC, ni kama elfu 50, ukichelewa unalipa na faini, jumla inafika elfu 65. Ukilinganisha na ada ya chuo cha afya cha praiveti hiyo ni hela ya vocha. Na miaka yenyewe ukiihesabu kurisiti kunaweza kukushangaza, MD ni miaka 5 na intaniship mwaka 1, ukiongeza mwaka wa kurisiti ni 7. Ukipita njia ya diploma ya kliniko medisini, yaani utabibu, ni miaka 3, halafu MD 5, halafu intaniship, jumla 9, na hapo tumehesabu umeunganisha bila kupumzika na GPA yako imefika 3.0 ambayo ndo wanaitaka kwa mtu wa diploma. Kwa kijana ambaye anautaka udaktari kweli na sio kwa ajili ya picha ya koti jeupe, mwaka mmoja wa kutoa D mbili kuzipeleka C au B ni biashara nzuri sana, kutoka pointi 6 kwenda 8 mpaka 10 sio jambo dogo kwenye kushindania nafasi.

Tena kuna faida moja haisemwi, ukirisiti ukashuka yale ya kwanza hayafutwi. Yana namba yake ya mtihani, yanabaki.

Lakini.

Mtu akisema "nitarisiti" kichwani anajiona yuko darasani, kumbe PC hana darasa. PC ana chumba nyumbani, na mtu mzima anayekaa nyumbani bila kazi Tanzania hii ana kazi zote. Utatumwa dukani, utapeleka bibi kliniki, utasimamia mafundi, ukiwa wa kike ndo usiseme kabisa, jiko lote lako, na hakuna atakayekuambia kaa chini usome kwa sababu kwa macho yao ulishasoma miaka miwili na umemaliza. Mwezi wa nane una moto, mwezi wa kumi na mbili sikukuu, mwezi wa pili unashtuka pepa ni mwezi wa tano mwanzoni. Na kwa watu wa PCB kuna balaa lingine la prakti, ule mtihani wa vitendo wa maabara. Nadharia unaweza kukomaa nayo na pasti pepa mwenyewe usiku, ila taitresheni, ile ya kupima kemikali kwa kemikali, huwezi kuifanya na vikombe vya jikoni. Lazima upate kituo chenye maabara inayofanya kazi, ulipie kemikali, ukubaliane na mwalimu wa kukusimamia siku za mazoezi, na vituo vingine PC anaonekana pale siku ya prakti yenyewe kama mgeni harusini. Mtu wa atsi, HGL au HKL (historia, jiografia au Kiswahili, na Kiingereza), hana huu mzigo, ndo maana ushauri wa kurisiti wa mtu wa atsi haumfai mtu wa sayansi hata kama wote walipata two ya 12.

Kitu kingine, mstari wa kushinda hausimami. Ufaulu wa kidato cha sita siku hizi unapita asilimia 99, divisheni 1 zimekuwa nyingi mno, na hao wote wa mwaka ujao utakutana nao kwenye dirisha hilohilo. Kwa hiyo ukirisiti sio unashindana na wale waliokupita mwaka huu, unashindana na kundi jipya. Kutoka DDD kwenda CDD, kwa maoni yangu, kwa MD ya vyuo kama Muhimbili hujabadilisha kitu cha maana, umechoma mwaka kwa pointi moja.

Halafu mtaala. Mtaala mpya umeshaanza kuingia advansi, zile tahasusi mpya zilizotangazwa 2024 unazikumbuka, kwa hiyo mtu aliyesoma silabasi ya zamani asidhani atafungua madaftari yaleyale aendelee alipoishia. Kabla hujalipa chochote ingia kwenye tovuti ya baraza uone PC wa mwaka wako wanatahiniwa kwa fomati ipi. Nimeona watu wananunua pasti pepa mzigo mzima stendi kumbe muundo wa pepa ushabadilika.

Sasa ya kwangu. Mimi nilikuwa EGM, nikapata C ya jiografia, D ya uchumi, hesabu ikanipiga S. Nilitaka takwimu, na takwimu bila prinsipo ya hesabu unajidanganya, kwa hiyo mlango ulionifungia ulikuwa unajulikana kwa jina. Nikarisiti. Kosa nililofanya nikasikiliza watu wakaniambia rudia yote matatu upandishe kotekote, nikasajili yote matatu. Nikaenda tuisheni ya hesabu tu maana hela ilikuwa ya somo moja, uchumi nikasema ule naujua. Matokeo, hesabu ikatoka S ikaja D, uchumi ukatoka D ukaenda E. Nilipata takwimu, namshukuru Mungu, na ule mwaka siujutii, ila kila nikikumbuka ile E nacheka peke yangu. Wenzangu wanne niliokuwa nao tuisheni, wawili walipanda, mmoja alipata vilevile herufi kwa herufi, mmoja hakuingia kwenye pepa ya pili kabisa, alishaanza kuendesha bodaboda na hela ikamnogea.

Yule wa herufi kwa herufi ndo namfikiria zaidi kwa habari ya dogo. Jamaa alikuwa anasoma sana, tena kuliko mimi, ila alisoma vilevile alivyosoma shuleni, anakariri notisi, hagusi maswali, hakuna anayemsahihishia. Ukimuuliza kwa nini ulipata D anasema pepa ilikuwa ngumu. Mtu ambaye hajui D yake ilitoka wapi atairudia. Kama uliumwa wiki ya mtihani, kama shuleni hamkuwa na mwalimu wa fizikia mpaka kidato cha sita muhula wa pili, kama uliharibu prakti kwa kupaniki, hizo ni sababu ambazo mwaka mmoja unaweza kuzirekebisha. Kama sababu haipo ila "nitakomaa zaidi", mmh.

Upande wa diploma nao usidharauliwe kama wanavyoudharau wazazi wa mjini. Kliniko ofisa anaajiriwa, analisha familia wakati wenzake wa MD wapo mwaka wa nne, na akitaka anarudi kusoma udaktari akiwa ameshashika wagonjwa. Ila nako kuna ukweli wake, wengi wakishaonja mshahara na kuoa hawarudi. Na GPA ya 3.0 haiokotwi. Kwa hiyo ukimwambia mtoto "pitia diploma utaunganisha" mwambie na upande huo.

Kwa wale ambao hawana hata prinsipo mbili za pointi 4 zinazotakiwa kuanzia digrii kwa ujumla, kuna foundesheni, kozi ya maandalizi, ya Chuo Kikuu Huria, wanataka angalau pointi 1.5 za masomo mawili ya advansi, unasoma, ukitoka na GPA 3.0 na C kwenye masomo matatu ya kundi lako unaapulai digrii. Kwa mtu wa E na S mbili mimi ningemwelekeza huko kabla ya kurisiti, angalau kule kuna ratiba na kuna mtu wa kumuuliza.

Halafu kuna hawa wajanja wanaotaka yote mawili, ingia chuo kozi nyingine, kula bumu, huku umejisajili PC mwezi wa tano. Kwenye karatasi inapendeza. Kiuhalisia mwezi wa tano upo katikati ya semista ya pili, una testi, una asaimenti, na prakti za baraza zinagongana na vipindi vyako. Ukifeli kote umepoteza kote, na lile bumu ulilokula ni mkopo, hata ukihama kozi deni linakufuata na jina lako. Simkatazi mtu, ila sijawahi kukaa na mtu wa sayansi aliyelifanya hilo akatoka salama pande zote mbili. Wa atsi namjua mmoja.

Suala la mkopo wenyewe nalo liingie kwenye hesabu yenu. Bodi ya mikopo inaangalia pamoja na mengine mwaka uliomaliza masomo, miongozo ya karibuni imekuwa ikisema ndani ya miaka mitano, kwa hiyo mwaka mmoja haukuui, ila mtu anayerisiti mara ya pili na ya tatu aanze kuangalia kalenda.

Kwa dogo mimi nimemwambia hivi, raundi ya tatu haijafungwa, ajaze uuguzi na famasi, ni digrii za miaka 4 na DDD yake inasikika huko vizuri kuliko kwenye MD. Akipata, akae nayo wiki nzima ajiulize kama anautaka udaktari au anataka hospitali, maana ni vitu viwili. Na wakati huohuo aende kituoni akachukue namba ya rejea ya kujisajili PC asijefungiwa usajili, kwa sababu dirisha la PC wa kidato cha sita linafungwa wakati watu bado wanahangaika na raundi, na wengi wanakosa kote kwa kusubiri. Elfu 50 ikipotea nitalipa mimi. Akikosa hata hizo mbili basi arisiti kemia na fizikia, ila aende kukaa kwa mjomba Morogoro karibu na kituo chenye maabara, sio hapa nyumbani kwa shangazi na mafundi wake.

Mama mdogo hajapenda habari ya uuguzi, kasema mwanangu ni wa kiume. Hilo sasa ni kikao kingine, tumekiweka Jumapili baada ya ibada.