Penseli kabla ya vidole

Jioni moja hapa Busia, upande wa Uganda, nilimkuta binti wa jirani, miaka mitatu na nusu, akilia mbele ya daftari. Mwalimu wake wa bebi klasi, darasa la kwanza la nasari (chekechea), alitaka ukurasa mzima wa herufi "a". Penseli ameikamata kwa ngumi, kama mwiko wa kusongea ugali, na kwenye mstari wa tatu karatasi ilikuwa imeshatoboka. Mama yake akanigeukia: "Mwalimu, nifanyeje? Asipojua kuandika, P1 watamkataa."

Hasemi uongo. Kwa utaratibu mtoto huanza P1, darasa la kwanza la msingi, akiwa na miaka 6, lakini shule nyingi za binafsi humpa usaili kwanza, na jambo la kwanza atakaloulizwa ni kuandika jina lake. Nasari nazo, nyingi zikiwa za watu binafsi, zinajua kwamba daftari lililojaa ndiyo risiti ya karo. Mzazi anaona alicholipia. Mtoto aliyeshinda akifinyanga udongo anarudi na nguo chafu tu.

Ila mkono una ratiba yake. Kwa kawaida mtoto huiga mstari wa kusimama akiwa na miaka kama 2, duara 3, msalaba 4, mraba akikaribia 5, na pembetatu baadaye kidogo, kwa sababu mistari ya mshazari ndiyo migumu. Sasa itazame herufi "k". Ukimpa wa miaka mitatu, unamdai deni ambalo hajakopa.

Na matayarisho yako jikoni. Anayepukuchua mahindi hushika gunzi kwa mkono mmoja, kidole gumba cha mkono wa pili kikisukuma punje. Ni kazi ileile ya kushikilia daftari huku ukiandika. Omweso, bao letu la Uganda, una mashimo 32 na kete 64: mchezaji hubeba kete kiganjani, kisha gumba huzisogeza hadi ncha za vidole na kuziangusha mojamoja. Mtoto anayeweza hivyo bila kumwaga kete haniogopeshi hata kidogo siku ya kushika penseli.

Lakini wanaotaka mtoto wa nasari acheze tu, asiandike, nao hutia chumvi. Hupenda kutuambia kwamba mifupa minane ya kifundo cha mkono huzaliwa ikiwa gegedu, na wa mwisho hukawia kuwa mfupa hadi miaka 8 au zaidi. Ni kweli, lakini mikono hiyohiyo inapanda mwembe bila shida. Tungesubiri mifupa, P3 nzima ingekuwa inacheza. Tena mahindi na kete havimfundishi mtoto kwamba "a" huanzia juu na kuzungukia kushoto. Hilo ni la kuonyeshwa. Nimefundisha P1 katika shule ya UPE, ule mpango wa serikali wa elimu ya msingi kwa wote, darasa limejaa hadi mlangoni. Aliyekuja akianzia herufi chini sikupata nafasi ya kumshika mkono, na mazoea hayo ni magumu kuyang'oa. (Wa mkono wa kushoto mwacheni na mkono wake, jamani. Mgeuzieni daftari tu.)

Kwa hiyo mimi sizikatai herufi nasari. Nazikataa bebi klasi. Topu klasi, mwaka wa mwisho wa nasari, dakika kumi kwa siku, herufi chache, mwalimu akitazama penseli inakoanzia badala ya kusahihisha ukurasa uliokwisha, zinatosha. Wenye kazi kubwa ni shule zinazofanya usaili: siku watakapomwomba mtoto achore msalaba na kufunga vifungo vya shati, nasari zitabadilika muhula huohuo.

Juzi nilipita tena kwa jirani. Binti alikuwa anabambua maharage, daftari limewekwa chini ya ungo. Nikalifungua. Ukurasa wa "a" umejaa hadi chini, mistari imenyooka, kwa mwandiko wa mama.