Mwacheni Shangazi Aketi

Jumapili iliyopita tulikuwa Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo, kwa komunyo ya kwanza ya binti wa mdogo wangu. Jua la Oktoba mnalijua, lile linalokausha mate kinywani wiki chache kabla ya mvua. Misa ilitoka saa sita, tukatembea hadi nyumbani nguo zimetushika mgongoni, na chini ya mwembe tukakuta beseni mbili za makaroni ya baridi, zimetolewa sasa hivi kwenye frigo ya jirani na kufunikwa kitambaa cheupe. Karoti, vitunguu, mayai, pilipili hoho, ndimu. Shangazi alikuwa ameamka saa kumi usiku kuzitengeneza, maana ndiyo saa umeme ulipokuwepo.

Tangu nipate akili sijawahi kumwona shangazi ameketi kwenye sherehe ya ukoo. Siku ile aliketi. Alikuwa amevaa kikwembe (kitenge) kipya, kile cha bluu alichokitunza tangu Pasaka, glasi ya juisi mkononi, anacheka na mama wa ubatizo wa mtoto.

Hazikupita dakika kumi. Baba mkubwa alipokea sahani yake, akagusa makaroni kwa uma, akaulizia ugali: "Bukari haiko?" Hakupaza sauti wala hakukasirika. Lakini shangazi alikwisha simama. "Itakuya, yaya," yaani itakuja, kaka. Akaingia ndani, akavua kikwembe kipya, akafunga cha zamani, akaenda nyuma ya nyumba kuwasha mbabula, jiko la makaa. Saa saba mchana, Oktoba. Aliporudi na bukari, mpiga picha alikuwa ameondoka. Nimeziangalia picha zote za familia za siku ile. Shangazi hayumo hata katika moja.

Hasira hii inanihusu mimi kwanza. Nilikuwa pale pale, sahani magotini, nikamwona anasimama, nikaendelea kutafuna.

Kwa hiyo leo nataka kutetea makaroni ya baridi, na ninaitetea kwa moyo wote. Hesabuni vyakula vya sherehe zetu. Bukari inasongwa dakika ya mwisho, ikipoa inakuwa ngumu. Samaki anakaangwa wageni wakiwa wamefika. Viazi vya kukaanga vinalegea visipoliwa vya moto. Nyama ya kuchoma inahitaji mtu wa kuigeuza. Karibu kila tunachokiita chakula cha heshima kinadai mtu asimame nyuma ya nyumba wakati wengine wanapiga picha, wanaomba, wanacheza, wanatoa zawadi. Na mtu huyo kila familia inamjua kwa jina. Ni yule yule kwenye ubatizo, kwenye ndoa, kwenye sikukuu ya mwaka mpya. Anafika wa kwanza na kula wa mwisho, akiwa amesimama, akikomba chungu. Tunamsifu, tunasema mkono wake ni mtamu. Hotuba zinasomwa yeye yuko kwenye moshi.

Makaroni ya baridi inamalizika kabla mgeni wa kwanza hajapiga hodi. Mimi natafuta hilo tu. Ladha tutaizungumza, bei tutaizungumza, ila ninachokitaka hasa ni ile saa moja ambapo mwenye kupika anaoga, anavaa, anakaa, na mtoto aliyesherehekewa anamwona usoni.

Najua chakula cha moto kimetoka wapi kwetu. Nkambo wangu, yaani babu, alifanya kazi Union Minière, kampuni ya madini, kwenye tanuru za shaba, pale penye bomba refu la moshi na ule mlima mweusi wa mabaki ambao hadi leo ndio alama ya Lubumbashi. Wafanyakazi wa kambi waligawiwa posho wiki kwa wiki, unga wa mahindi ukiwa ndio wa kwanza, hadi wazee wetu wakaita wiki yenyewe posho. King'ora kikilia, mwanaume anatoka zamu, na bukari inapaswa kuwa mezani ikitoa mvuke. Nkambo mwanamke alinisimulia jinsi alivyokuwa akikisikiliza king'ora kile mwiko ukiwa mkononi. Mvuke ule ulikuwa ushahidi kwamba nyumba ina utaratibu. Aliyepelekewa chakula cha baridi alijua amedharauliwa, au mke ameondoka. Naelewa, na ninamheshimu mzee aliyesimama mbele ya tanuru tangu alfajiri. Lakini baba mkubwa Jumapili ile hakutoka kwenye tanuru. Alitoka kanisani, benchi moja na shangazi.

Sasa tupike, maana wengine wanaichukia makaroni ya baridi kwa sababu wameonjeshwa ile mbaya: imeshikana kama udongo, haina chumvi, inaelea katika mayonezi. Ile hata mimi siitetei.

Paketi moja ya gramu 500 inashibisha watu watano au sita ikichanganywa na mboga. Kwa sherehe ya watu arobaini, kukiwa na kuku pembeni, paketi sita zinatosha. Chagueni makaroni fupi, ya mirija au iliyosokotwa; spageti ndefu ikipoa inafungamana, na mgeni akivuta uzi mmoja sahani nzima inamfuata. Maji lita tatu kwa paketi, na chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai kwa kila lita. Msiogope. Ubaridi unaficha chumvi, kinachokolea kikiwa cha moto kitapooza kikipoa. Halafu dakika zilizoandikwa kwenye paketi zimepimwa kwa maji yanayochemka kwa nyuzi 100. Mji wetu uko juu, mita kama 1,200 kutoka usawa wa bahari, na hapa maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ongezeni dakika mbili, kisha onjeni, mkiongeza tena kidogo hadi iwe laini kuliko mnavyoipenda ya moto, kwa sababu makaroni ikipoa inakaza. Aliyeitoa ikiwa bado na kiini kigumu atakula mpira.

Sasa jambo ambalo watu wengi wanalikosea: kuimwagia maji ya bidoni (dumu) ili ipoe haraka. Umechemsha chakula kikawa safi, halafu unakirudishia maji ambayo hujayachemsha. Katika mji uliokwisha kupigwa na kipindupindu si mara moja, tusifanye hivyo. Ichujeni, mwageni mafuta kidogo, mtandaze juu ya sinia pana, tabaka jembamba, kivulini penye upepo, na kitambaa chepesi cha kuzuia nzi. Oktoba hewa ni kavu, dakika ishirini zinatosha. Mkiirundika yote ndani ya beseni ikiwa ya moto, katikati itabaki vuguvugu saa nzima na zaidi, na vuguvugu ndilo joto ambalo vijidudu vinalipenda.

Ikiwa bado ina joto kidogo, mimineni ndimu. Vijiko vitatu vya supu vya maji ya ndimu au siki, sita vya mafuta, kwa kila paketi. Makaroni yenye joto inanywa, ya baridi inakataa. Wekeni theluthi ya mchuzi huo pembeni, mje mmalizie wakati wa kupakua, kwa sababu itakuwa imeshakunywa wa kwanza na kukauka. Mafuta yawe ya alizeti au ya soya. Mawese nayapenda kwenye sombe (kisamvu) na siko tayari kubishana na mtu juu ya hilo, ila kwenye chakula cha baridi yanaganda na kufunika ulimi.

Kitunguu kikatwe chembamba, kilale kwenye chumvi na ndimu robo saa, ukali utapungua. Nyanya zitolewe mbegu, zitiwe mwisho, la sivyo beseni litakuwa na bwawa chini. Karoti ikunwe mbichi. Maharagwe yaliyobaki jana ndani ya frigo yanafaa sana. Na kapenta, yaani dagaa! Zile kavu zinazoletwa kutoka ziwa Tanganyika, toeni vichwa, zikaangeni na pilipili hadi zilie mdomoni, mkazinyunyize juu ya sahani, si ndani ya beseni. Nimewaona wazee wakirudi mara ya pili kwa ajili ya kapenta hizo peke yake. Karanga za kukaanga nazo, zikipondwa nusu.

Mayonezi. Wenzangu wengi wanasema ndiyo inayoumiza matumbo kwenye sherehe, na nilikuwa nasema vile vile. Ukweli ni kwamba ile ya chupa ina siki, nayo hailali vizuri na vijidudu. Ya nyumbani, iliyopigwa kwa mayai mabichi, msiitie kabisa kama hakuna frigo. Lakini mara nyingi anayeumiza ni yule tusiyemshuku: makaroni yenyewe, na kuku na mayai, vilivyokaa mezani tangu saa tano vikingojea hotuba ziishe. Chakula cha wanga kilichoachwa vuguvugu kinaweza kutengeneza sumu ambayo hata ukikipasha moto tena haifi. Basi, muda wake nje ya frigo usizidi saa mbili. Jua likipita nyuzi 32, saa moja. Kama frigo haipo, nunueni barafu za mifuko, wekeni beseni dogo ndani ya kubwa na barafu kulizunguka, na mtoe kidogo kidogo. Na mseme na mshereheshaji afupishe. Kuhusu mayonezi nakubali vijiko viwili kwa paketi, kwa sababu watoto wanaipenda. Zaidi ya hapo sikubali.

Hii si ya sherehe peke yake. Mke wangu ni muuguzi, wiki moja kati ya mbili anaingia zamu ya usiku, na jioni hizo mpishi ni mimi. Umeme unakuja unapotaka. Makala, yaani makaa ya kupikia, nayo bei yake haishuki, kila mwaka baiskeli zinatoka mbali zaidi kwa sababu miti ya karibu imekwisha. Kwa hiyo naipika hivi: maji yakichemka natia makaroni, naacha ichemke dakika tatu, nafunika sufuria kwa kifuniko kinachobana, natoa motoni, naifunga blanketi la zamani. Dakika kumi na tano baadaye imeiva kwa joto lake yenyewe, na makala nimeshayafukia kwa kesho. Sardini ya kopo, kitunguu, ndimu, nyanya mbili. Mke wangu anakula saa kumi na mbili na nusu, ameketi, kabla ya kutoka. Zamani alikuwa anaondoka na mkate mkavu kwa sababu bukari haikuwa tayari.

Yapo ya kuniambia, najua. Makaroni inatoka mbali na inanunuliwa kwa fedha. Ni kweli, ingawa unga nao tunauona unavyopanda kila mpaka wa Kasumbalesa, ule wa Zambia, unapokwama. Mwezi wa sita na wa saba, usiku ukiwa na baridi ile inayoingia hadi mifupani, hakuna anayetaka sahani ya baridi, na mimi simo. Kwenye kilio pia, pikeni bukari. Mwenye msiba anahitaji kitu cha moto tumboni. Na wapo wazee ambao wasipokula bukari wanalala wakiona hawajala. Haya yote nayakubali. Kinachonishinda ni mtu mzima mwenye mikono miwili kuuliza bukari iko wapi huku akimtazama mtu mmoja tu.

Nilimpigia shangazi simu Jumatatu kumwomba radhi. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mtoto wangu, mimi nimezoea." Halafu akaniuliza kama makaroni ilikuwa na chumvi ya kutosha, maana yeye hakupata kuionja. Alipotoka jikoni na bukari, watoto walikuwa wamemaliza beseni zote mbili.

Jumapili inayokuja kuna ubatizo Ruashi. Nimekwisha nunua paketi sita na kapenta, na jirani amekubali frigo yake. Baba mkubwa atakuwepo. Nitamsalimia kwa mikono miwili, nitampakulia mwenyewe. Akiuliza bukari, atapata, kwa sababu unga nimeuweka na mbabula naijua. Nitaisonga mimi. Shangazi nimemwambia aje na kikwembe cha bluu, na mpiga picha nimemwomba aanze na yeye.