Pilipili Imesingiziwa vya Kutosha

Shangazi yangu wa Bahi aliacha pilipili miaka minne, eti ndiyo inayoleta vidonda vya tumbo. Akaacha maharage, akaacha chai ya rangi, mwisho akaukimbia hata mlenda, na Mgogo akikimbia mlenda ujue anaumwa kweli. Tumbo likaendelea kuwaka. Likizidi, mtoto anatumwa duka la dawa kuleta omeprazoli, dawa ya kupunguza tindikali ya tumbo, vidonge vitano vitano, na majirani wanatoa hukumu: mawazo tu hayo.

Mimi hayo "mawazo" nimeyachoka.

Mwaka huu alikubali kuingiziwa kamera, hapa mjini Dodoma. Wakanyofoa kinyama cha tumboni, kidogo kuliko punje ya uwele, wakakitumbukiza kwenye jeli ya njano. Haikupita muda, njano ikageuka waridi. "Yupo," akasema nesi. Aliyekuwepo ni bakteria Helicobacter pylori, na kilichogeuza rangi ni kimeng'enya chake, yureasi.

Kazi ya yureasi kila mfugaji anaijua kwa pua. Ingia zizi la mbuzi alfajiri: ile harufu inayochoma macho ni amonia, bakteria wa kwenye samadi wamevunja yurea ya mkojo (ndiyo, yurea ileile ya mfuko wa mbolea). Tumboni nako yurea ipo kidogo, inatoka kwenye damu. Bakteria akiivunja, amonia inapoza tindikali iliyomzunguka, naye anapona pale wenzake wanapofia. Ukuta wa tumbo, isitoshe, umepakwa ute mzito kama mlenda, na uzito huo unatokana na tindikali. Tindikali ikipoa, ute unalegea, jamaa anaogelea hadi ukutani.

Kinga ya mwili hailali. Seli nyeupe zinafurika, na silaha yao mojawapo ni oksidi ya naitriki, gesi inayotengenezwa kwa ajinini, kijenzi kimoja cha protini. Bakteria ana kimeng'enya kingine, ajinesi, kinachoimaliza ajinini hiyo mapema. Ni sawa na kumwibia mtu kuni kisha ukamcheka hajapika! Zikimmwagia haidrojeni peroksaidi, silaha yao nyingine, kimeng'enya chake cha tatu, katalesi, kinaigeuza maji na oksijeni. Seli zinaendelea kupiga miaka nenda rudi, na kinachomkosa kinaangukia ukuta wetu wenyewe. Sehemu ya uharibifu ule ni mkono wetu.

Wala si habari mpya. Barry Marshall, daktari wa Australia, aliwanywa bakteria hawa mwaka 1984, akaugua. Mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi wa bakteria huyu. Sisi bado tunagombana na pilipili.

Nikiri: wengi wenye bakteria huyu hawapati kidonda, na diklofenaki, dawa za maumivu tunazotafuna kama karanga, zinachimba vidonda bila msaada wake. Lakini omeprazoli peke yake inatuliza moto tu, bakteria mwenyewe yumo. Tena inaweza kumficha kwenye kipimo. Shangazi aliambiwa aiache wiki mbili kabla.

Akapewa dozi ya siku 14, antibiotiki mbili pamoja na ya tindikali. Siku ya sita akataka kuacha, eti mdomo unamchachuka kama amelamba sarafu. Tukagombana kwa simu kila jioni mpaka akamaliza.

Jumapili nimemkuta anatwanga karanga za mlenda, pilipili mbili kando. Nikamkumbusha kipimo cha choo, wiki nne baada ya dozi.

"Na wewe uliyekula chungu kimoja na mimi," akaniuliza bila kuinua macho, "umeshapima?"