Majina Yaliyoondolewa Okami

Tangu Desemba 2024, ilipotangazwa kwamba Okami, mchezo wa video wa Kijapani, itapata mwendelezo, nimesoma pongezi nyingi kwa Capcom, kampuni inayoumiliki, na kila nikizisoma moyo unaniuma kwa sababu ya jina moja ambalo wengi hawalitaji: Clover Studio.

Capcom iliianzisha studio hiyo mwaka 2004 mjini Osaka, na humo wakafanya kazi watengenezaji wa michezo Atsushi Inaba, Hideki Kamiya, aliyeongoza Okami, na Shinji Mikami. Mwaka 2006 ikatoka Okami, ambamo Amaterasu, mungu wa kike wa jua, anatembea katika umbo la mbwa mwitu mweupe, na mchezaji anachora kwa brashi juu ya skrini iliyofanana na karatasi ya wino hadi miti iliyonyauka ichanue tena. Wakosoaji waliusifu mchezo huo sana, lakini wanunuzi walikuwa wachache. Oktoba mwaka huohuo Capcom ikatangaza kuivunja studio. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kampuni haiwezi kugharamia daima kazi isiyouzika.

Nisichokubali hata leo ni kilichofanyika mwaka 2008. Toleo la Wii, mashine ya michezo ya Nintendo, lililotayarishwa na studio ya Ready at Dawn ya Marekani, lilitoka bila ile sehemu ya mwisho yenye majina ya watengenezaji, na sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba ndani yake mlikuwa na nembo ya Clover. Nilimaliza mchezo huu kwenye PlayStation 2, usiku wa manane, na ninakumbuka nilivyobaki nimekaa huku majina yakipita sambamba na picha za safari niliyotoka kuimaliza. Sehemu ile ilikuwa kwaheri ya watu walioshinda miaka wakichora kila jani, na kuikata kwa ajili ya nembo ni kumnyang'anya fundi sahihi yake baada ya kumnyang'anya karakana.

Baadhi yao, akiwamo Kamiya, walikwenda kujenga studio nyingine, PlatinumGames. Kamiya aliondoka huko mwaka 2023, na sasa mwendelezo wa Okami unatengenezwa chini yake katika studio iitwayo Clovers, kwa ushirikiano na Capcom ileile. Nimefurahi kwa dhati. Ombi langu kwa Capcom ni kwamba mchezo huo utakapotoka, majina yote ya mwaka 2006 yapite mwishoni, na nembo ya Clover iwe juu yake.